Hedifoni ya Mzee wa Simu ya Upepo

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, Mzee wa Simu aliosha masikio yake kwa sabuni ya kipande, ndani na nje, kisha akayakausha kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mtu kambini aliyethubutu kukigusa. Baiskeli yake sikuwahi kuiona ikioshwa. Sahani aliyolia ugali ilikaa hadi mpishi amkumbushe. Lakini masikio, alituambia, yalikuwa mali ya kazi, na mali ya kazi haiendi ofisini na uchafu.

Niliishi jirani naye miaka sita, katika kambi ya watafiti wa dhahabu porini upande wa Geita, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Katoro, wakati Katoro ilikuwa maduka machache na mnada wa ng'ombe. Yeye alikuwa opareta wa simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano iliyotumia betri ya gari na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Kwa simu hiyo tuliagiza chakula, mafuta na vipuri, na kwa hiyo hiyo wakubwa wa mjini walituuliza kwa nini dhahabu bado haijaonekana. Mimi nilikuwa karani wa stoo, kijana wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri na kiburi kilichouzidi mwandiko. Ofisi zetu zilitenganishwa na ukuta wa mabanzi, kwa hiyo niliyoyasikia kutoka kwake yalikuwa mengi kuliko niliyoyataka.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote ni hedifoni, zile spika mbili ndogo zilizounganishwa kwa upinde wa chuma, za kuvaa masikioni. Ilikuwa moja tu. Ya akiba haikuwepo, wala mahali pa kuipata hapakuwepo, maana nyakati zile hata sabuni na betri za tochi tulizipangia foleni. Wenzake katika kambi nyingine, alisema, walikuwa wamezimaliza zao kwa mwaka mmoja au miwili, na sasa walibaki kuinamia spika ya redio kama watu wanaosikiliza tumbo la mjamzito. Yake ilikuwa na miaka tisa nilipofika.

Hakuitundika kwenye msumari kama sisi tulivyotundika kofia. Aliiweka juu ya kibuyu. Alikuwa amekichagua sokoni kibuyu kikubwa chenye ukubwa wa kichwa cha mtu, akakikata chini ili kikae imara kwenye rafu, na kibuyu kikaivaa hedifoni kila alipokuwa haivai yeye. Sababu yake ilikuwa ya maana: upinde ukitanuliwa kwenye goti au ukabanwa kwenye droo hupoteza nguvu, halafu spika hazikai sawa masikioni, halafu mtu huzisukuma kwa mikono, halafu zinavunjika. Lakini sisi tuliona kibuyu kilichovaa hedifoni tu. Wachimbaji waliopita dirishani walikiamkia.

"Shikamoo, msaidizi."

"Marahaba," Mzee wa Simu alijibu kwa niaba yake, bila kuinua macho. "Huyu hana mafuta kichwani, ndiyo maana ana kazi ya kudumu."

Mafuta yalikuwa adui yake wa kwanza. Mtu yeyote aliyehitaji kusikiliza ujumbe, hata awe Mkuu wa kambi, alikaguliwa nywele kwanza. Mzee alipitisha kidole juu ya sikio lako, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na kama kiling'aa alikurudisha ukajisugue kwa majivu. Nilikuwa kijana wa kupaka mafuta ya mgando mpaka shingoni, kwa hiyo nilirudishwa mara nyingi. Aliniambia mafuta huingia kwenye sponji, sponji hukauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima, na jasho likishapata njia hupeleka chumvi mpaka kwenye spika yenyewe. Chumvi hula chuma. Mimi nilimwambia mbona jasho lake mwenyewe lina chumvi. Akanionyesha, kwa fahari ya mtu anayeonyesha watoto wake, vifuko vinne vya kitambaa laini alivyovishona kwa mkono. Viwili vilikuwa vimevishwa kwenye spika, viwili vilikuwa kwenye kamba ya nguo vikikauka. Miaka yote hiyo wapishi walidhani ni kofia za mtoto mchanga, na walikuwa wamekubaliana kwamba mzee ana nyumba ndogo Katoro.

Alikuwa na maneno yake, na aliyarudia. La kwanza lilikuwa hili: waya haufi kwa uzee, hufa kwa kukunjwa mahali pale pale. Ili kulithibitisha alichukua kipande cha waya wa shaba, akakukabidhi, akakuamuru ukikunje huku na huku, na akahesabu kwa sauti mpaka kikatike. Kila mgeni alifanyishwa mtihani huo. Mtaalamu mmoja wa miamba, aliyekuja kwa siku tatu na mambo mengi, alikunja waya wake kwa heshima kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa kuwa waya ulitoka stoo kwangu, nilijua kwamba mzee huyu aliyehubiri utunzaji wa waya alikuwa ndiye mtu aliyekata waya mwingi kuliko wote kambini. Nilipomwambia, alinijibu kwamba hata daktari hujifunza kwa maiti.

Neno la pili lilikuwa: shika kichwa, usishike shingo. Kichwa ni ile plagi inayoingia redioni, shingo ni mahali waya unapotokea kwenye plagi. Watu wote, alisema, huvuta shingo kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono, na ndipo hedifoni nyingi hufia, kwa nje nzima, kwa ndani zimekatika. Yeye alikuwa ameizungushia shingo uzi wa pamba, mzunguko kwa mzunguko, akaupaka nta ya nyuki aliyoletewa na mrina asali wa Bukombe, mpaka pakawa pagumu kidogo na panapinda polepole bila kuvunjika. Kila baada ya miezi kadhaa aliifungua ile kazi, akatazama, akairudia. Waya uliobaki aliukunja kwa duara pana kama mdomo wa sufuria, bila kuukaza, na hakuuzungusha kamwe kwenye kitu. Aliyezungusha waya kwenye redio alimwita mnyongaji.

Neno la tatu lilihusu sauti. Alisikiliza chini sana, kiasi kwamba wewe uliyesimama kando hukuamini kwamba kuna kitu kinachosikika. Alisema ngozi ndogo iliyo ndani ya spika ni kama ngozi ya ngoma, ukiipiga kwa hasira siku zote itakuja kulegea, na sikio nalo ni hivyo hivyo. Anayeongeza sauti, alisema, hana shida ya masikio, ana shida ya haraka.

Hapo ndipo palipokuwa na kituko chake kikubwa, kwa maana mtu huyu aliyesikiliza kwa upole namna hiyo, ilipofika zamu yake ya kusema alipiga kelele hata mashimoni walisikia. Mkuu wa kambi alimwandikia ujumbe wa siri kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, na dakika tano baadaye kambi nzima ilijua unga umebaki magunia mawili, au kwamba msimamizi fulani anaombewa uhamisho kwa ajili ya ugomvi. Tulikuwa tukiacha majembe tunaposikia anakohoa, maana kukohoa ndiko kulikotangulia habari. Aliyelalamika aliambiwa kwamba Shinyanga, kwenye ofisi ya mjini, ni mbali.

Alipiga marufuku karanga ndani ya chumba cha simu, kwa sababu panya hufuata harufu ya karanga na wakikosa karanga hula mpira wa waya. Mfuko wa kulia wa koti lake ulikuwa na karanga siku zote. Nilimwonyesha maganda chini ya kiti chake. Akayatazama kwa mshangao wa kweli, akauliza nani ameingia humu.

Na yeye aliyekuwa sikio la kambi hakumsikiliza mtu. Mpishi alimwambia mara tatu kwamba gurudumu la nyuma la baiskeli yake linalegea. Akaitikia mara tatu. Jumapili moja gurudumu lilimtangulia kufika kwenye kigango, na yeye akafika baadaye kwa miguu, suruali imechanika, akaketi mbele kabisa kama kawaida yake. Alikuwa Mkatoliki wa kuimba sauti ya nne, na alikuwa tayari kuendesha baiskeli kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya ibada isiyo na padri. Jumapili, basi, simu ilipumzika, kibuyu kilivaa hedifoni, na mlango wa chumba chake haukuwa na kufuli, kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani mtu atathubutu.

Nilithubutu mimi.

Nilikuwa na redio ndogo ya betri, na spika yake ilikuwa imepasuka kwa sababu nilikuwa mtu wa haraka, wa kuongeza sauti. Ilikoroma tu. Wakati huohuo nilikuwa nimetuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio ya taifa, kipindi cha Jumapili mchana, kumsalimia mwalimu mmoja wa shule ya msingi Chato niliyekutana naye kwenye arusi na ambaye hakuwa amenijibu barua mbili. Ujumbe wa kadi ulikuwa subira huvuta heri. Leo naona aibu kuuandika, lakini wakati ule niliona ni maneno mazito. Nilitaka kusikia jina langu na lake yakisomwa pamoja hewani, na redio yangu haikuweza kunisomea. Nikakumbuka kwamba upande wa pili wa ukuta wa mabanzi kuna spika mbili nzima.

Plagi ya hedifoni ilikuwa nene na tundu la redio yangu lilikuwa jembamba, kwa hiyo niliunganisha kwa vipande viwili vya waya wa stoo. Nilikaa kitandani kwangu nikiwa nimevaa kile kitu kitukufu juu ya nywele zenye mafuta ya mgando, nikasikia sauti safi ambayo sijawahi kuisikia tena maishani. Waliposoma kadi yangu, wakataja jina langu lote, wakataja Chato, niliruka. Nilitaka kumwita mpishi aje awe shahidi. Nilipiga mbio kuelekea mlangoni, na hedifoni ilinifuata hatua mbili, ya tatu ikakataa. Redio ilianguka chini, na sikio la kushoto likawa kimya.

Nilipoitazama shingo, uzi wa nta ulikuwa umeteleza kidogo tu. Kwa nje palionekana pazima. Nilifuta mafuta kwa kanzu yangu ya kulalia, nikaukunja waya kwa duara pana kama mdomo wa sufuria, bila kuukaza, nikairudisha juu ya kibuyu. Nilifuata kila hatua aliyonifundisha ili yeye mwenyewe asigundue. Katika mambo ya ujana wangu, hilo ndilo linalonikera zaidi, zaidi ya kukiiba kifaa chenyewe.

Jumatatu maneno yalimfikia kwa vipande. Nilimsikia nyuma ya ukuta akiomba mjini warudie, warudie tena, na mara ya kwanza tangu nimfahamu hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Kisha hata vipande vikakatika. Kwenye spika ya redio yenyewe kulikuwa na mvumo mtupu, maana siku hiyo hewa ilikuwa mbaya. Siku mbili zilizofuata alikaa na pasi ya kulehemu aliyoipasha kwenye mkaa, akijaribu kutafuta mahali palipokatika, na ujumbe wa mjini haukupokelewa.

Ujumbe ulikuwa kwamba mkubwa kutoka makao makuu anakuja. Akaja Jumatano. Mkuu wa kambi alikuwa Chato kununua samaki. Nguo za kambi nzima zilikuwa zimeanikwa juu ya mabomba ya mashine ya kutobolea miamba, na chini ya mashine hiyo mpishi alikuwa akimnyoa msimamizi wa zamu. Mkubwa alishuka kwenye gari, akatazama suruali zikipepea, akaomba kiti.

Alhamisi tuliitwa hemani. Mkuu wa kambi alihitaji mtu wa kumweka mbele yake, na mtu huyo alikuwepo tayari. Mzee wa Simu aliishika hedifoni kwa mikono miwili na kusema jambo moja.

"Waya huu umevutwa. Haukukunjika, umevutwa. Mimi siuvuti."

Mkuu akamuuliza ni nani mwingine anayeugusa. Mzee alitutazama sisi sote, mmoja mmoja, na macho yake yalipita kwangu bila kukaa zaidi ya yalivyokaa kwa wengine. Ndipo mchimbaji mmoja aliyetoka Mhunze, kijiji kimoja na mzee, mtu wa mizaha, akasema labda Jumapili baada ya ibada mzee alilala na bibi arusi wake, yaani hedifoni, kichwani, akageuka vibaya. Hema lote lilicheka. Mkubwa pia alicheka, na alipokwisha kucheka Mkuu akaona amepata jibu. Tulipotoka aliniita peke yangu, akaniambia niandike barua kwamba opareta alilala akiwa amevaa kifaa cha kazi na kukikata kwa uzembe.

Niliandika mimi, kwa ule mwandiko mzuri. Nakumbuka niliuliza kama niandike uzembe au uzembe mkubwa. Mkuu akasema mkubwa.

Walimtoa kwenye simu wakampa lindo la geti. Mimi, kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika na nilikuwa nimekaa karibu na ukuta, wakanipa chumba chake. Hedifoni mpya ililetwa baada ya majuma kadhaa. Siku ilipofika, mzee aliondoka getini akaja dirishani. Nilimkaribisha ndani akakataa, akasema hajaosha masikio. Akiwa amesimama nje alinielekeza namna ya kuizungushia shingo uzi, akanipa donge la nta lililobaki na vile vifuko vinne, akanionya juu ya mafuta ya mgando. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Tulikuwa wawili tu na dirisha. Nikamwambia asante.

Baada ya miezi mitatu alichoka kufungua na kufunga geti, akafunga mizigo kwenye ile baiskeli, akarudi kwao Mhunze. Hedifoni yangu ilidumu miaka saba, mpaka kambi ilipofungwa, na watu wa mjini walinisifu. Niliikabidhi ikiwa nzima. Kila sifa waliyonipa niliijua ilikotoka.

Yule mwalimu wa Chato nilimwoa baadaye, kwa njia ya barua ya nne na wazee wawili. Alipokwisha kuzaa mtoto wetu wa pili ndipo nilipomsimulia habari ya kadi na waya, nikidhani tutacheka. Aliniambia kwamba Jumapili ile redio ya nyumbani kwao haikuwa na betri, hakusikia salamu zozote. Kisha akaniuliza kama yule mzee yu hai. Nikasema sijui. Tangu hapo kila tulipokaa kula aliuliza tena, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama chumvi imetosha. Ilipofika mavuno alinifungia kifuko cha dagaa, akakiweka mlangoni, na mimi nikapanda basi.

Mhunze nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda akisokota kamba ya katani. Alikuwa amekonda, na alinitazama mdomo nilipomwamkia, si macho. Mkewe, Mama Kulwa, alikuja kunieleza kwamba masikio yamekwisha, kwamba ile miaka ya mwisho kambini alikuwa akiongeza sauti kwa siri kwa kuwa sikio moja lilishaanza kumwacha, na kwamba nikitaka anisikie inanipasa nipaze.

Hili sikulitazamia. Njiani nzima nilikuwa nimepanga kumwambia polepole, wawili tu, kama mtu anayetubu. Nilisogeza kigoda karibu.

"Mzee, ule waya niliukata mimi."

Akatikisa kichwa. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Akaweka kiganja nyuma ya sikio akaniambia niseme kama mwanamume. Basi mara ya tatu nilipiga kelele kama nilivyokuwa nikimsikia yeye akiipigia kelele Shinyanga, kwamba hedifoni ile niliichukua mimi Jumapili, nikaivuta mimi, nikakaa kimya mimi. Mbuzi wawili walikimbia. Mwanamke wa nyumba ya pili alisimamisha mchi hewani.

Mzee aliweka kamba chini.

"Kwa hiyo ulivutwa," alisema.

"Ulivutwa, mzee."

"Haukukunjika."

"Haukukunjika."

"Nilisema."

"Ulisema, mzee."

Aliiokota kamba. Kisha akauliza habari ya barua, na nikapaza sauti tena kwamba niliiandika mimi. Akasema mwandiko aliutambua siku ile ile aliyokabidhiwa barua, ila habari ya waya hakuijua. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyetafuta hitilafu kwa miaka mingi na sasa mtu mwingine ameweka kidole mahali penyewe.

Alimwita Mama Kulwa atoke jikoni, akaniamuru nirudie. Nilirudia. Mama Kulwa alisimama na mwiko mkononi. Ile mizaha ya hemani, nilielewa hapo, ilikuwa imefika Mhunze kabla ya mwenyewe. Yule mchimbaji aliileta likizo, na tangu hapo mzee alipokuwa barazani au kwenye pombe kulikuwa na mtu wa kumwambia asisinzie asije akakata waya. Watoto waliimba. Kanisani akisinzia, hata mkewe alimgusa kiwiko na kumnong'oneza maneno yale yale, na siku hizo masikio yake yalikuwa bado yanasikia.

"Na mimi nilisema pamoja nao," Mama Kulwa alisema. Hakuwa akiniambia mimi, na hakupaza sauti, kwa hiyo sijui kama mumewe alimsikia. Alirudi jikoni.

Mzee akainuka, akachukua fimbo, akanishika mkono juu ya kifundo kama mtu anayempeleka ng'ombe mnadani. Nilidhani ananitoa nje ya boma lake. Alinipeleka nyumba ya pili, kwa yule mwenye mchi, ambaye kwa hakika alikwisha kusikia yote, akanigonga bega niseme. Nikasema. Nyumba ya tatu kulikuwa na bibi kizee asiyejua Kiswahili, ikanibidi niseme kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma sikupata namna ya kujificha nyuma ya maneno ya shule. Nilimweleza kwamba niliiba, nikaharibu, nikamwachia mwenzangu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema wabeja, asante, akauliza hedifoni ni kitu gani. Mzee alisoma swali mdomoni mwake na akaanza kumweleza habari ya chumvi na jasho. Tulichelewa hapo.

Kituo kilichofuata kilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikuwa yule mchimbaji wa mizaha, sasa na kitambi na unga kwenye nyusi. Wanawake wanane au kumi walikuwa wamepanga ndoo zao. Mzee aliinyooshea injini fimbo. Yule bwana alicheka, akamwonyesha foleni. Mzee hakushusha fimbo. Ikawa hivyo mpaka mwanamke wa mbele akasema, baba, zima tumsikie mzee anataka nini, na injini ikazimwa, na kukawa na kimya ambacho masikio yangu hayakukipenda.

Nilisema kwa lugha zote mbili. Nilipofika mahali pa mizaha ya hemani nilitaka kupapita haraka, nikakuta mzee ananitazama mdomo, nikapasema.

Mwenye mashine alijifuta unga usoni. Alisema ule ulikuwa utani, Mungu shahidi, watu wa kambini walikuwa wakitaniana.

"Utani umekaa kwangu miaka yote," mzee alisema. Sikujua kama alilisikia neno au aliliona. "Sasa utahamia kwako. Kila atakayekuja kusaga, umwambie."

"Nitamwambia, baba."

"Kabla ya kusaga."

Wanawake walicheka, lakini hawakumcheka mzee. Injini iliwashwa.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi tuliporudi. Nilikuwa nimekauka koo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilijisikia mwepesi, nikafikiri yamekwisha. Nilimpazia sauti kwamba nashukuru, na kwamba basi langu la kurudi ni kesho alfajiri.

"Bado kanisani," alisema.

Nilimkumbusha kwamba leo ni Ijumaa. Akasema anajua, masikio ndiyo yaliyokwisha, siku bado anazihesabu. Nikatafuta msaada kwa Mama Kulwa, aliyekuwa amechuchumaa uani, amemkanyaga jogoo mabawa na kisu kiko tayari kando ya sufuria la maji ya moto. Alitutazama mumewe na mimi. Kisha akainua mguu, jogoo akakimbilia nyuma ya ghala, na yeye akayarudisha yale maji motoni, akaanza kutia unga wa ugali taratibu.

"Leo tutakula dagaa wako, baba," aliniambia. "Huyu ni wa Jumapili, ukishasema."